Tawi Bichi kwenye Njia Panda

Kwetu, watu wakiongozana msituni na wengine wakabaki nyuma, wa mbele hukata tawi bichi na kulilaza kwenye njia ambayo hawakuipita. Anayefuata akiliona anajua si huku. Jambo hili halifundishwi shuleni, unalikuta tu miguuni pako ukiwa mdogo. Baba yangu alilitumia kwa namna yake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemharibia.

Alikuwa mfyeka njia katika msitu wa hifadhi ulio juu ya mashamba yetu ya kahawa, upande wa Ukata. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Ndiyo miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipoachiwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuja na magari yao, mitumba ikajaa sokoni Mbinga, na msitu ukabaki hauna mwenyewe. Baba alirudisha sare, akabaki na panga, na kesho yake asubuhi akapanda kufyeka njia kama kawaida. Mama alikuwa ameshafariki, hivyo wa kumuuliza nilikuwa mimi peke yangu. Nilimuuliza mara moja tu.

"Ndege hawajapunguzwa," akasema.

Mwalimu mmoja mzee wa Kizungu na mkewe, waliokaa misheni, walikuwa wakija kutembea naye. Wao walikuwa na darubini na madaftari, yeye alikuwa na masikio. Alisimama, akainua kidole, nao wakaelekeza darubini zao kule alikoonyesha. Mimi nilibeba chai, nikichoshwa na watu wazima wanaonong'ona kwa ajili ya ndege. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona mjanja.

Mwaka ule hondohondo jike, ndege wa mdomo mkubwa, aliingia kwenye shimo la mti mkubwa wa mkangazi, mwisho wa njia ya kushoto. Hondohondo akitaka kutaga hujifungia ndani ya mti, akaziba mlango kwa udongo na kuacha upenyo mwembamba. Hapo hana pa kwenda. Dume humletea matunda miezi yote anayokaa humo, na mabawa yake huvuma kama mtu anayepepeta kwa ungo. Baba alingoja makinda watoke kama anayengoja wajukuu. Mwalimu na mkewe wakaahidi kuja siku ile ikikaribia.

Kila asubuhi baba alilaza tawi bichi kwenye njia panda, ili mtu asipite kushoto. Wanawake wa kuni waliliona wakageuka. Hata wapasua mbao wa kijiji cha pili, ambao hawakumsikiliza mtu siku hizo, waliliona wakageuka. Baba hawakumwogopa hata kidogo. Tawi waliliheshimu.

Kisha habari zikapanda kutoka ziwani kwamba shangazi amefariki. Kabla ya kuteremka kwenda kuzika, baba alinipeleka kwenye njia panda.

"Kila asubuhi, mwanangu. Likinyauka halina maana tena, watajua ni la jana."

"Nimesikia, baba."

Siku mbili nilikata tawi. Ya tatu, jirani akaniambia kuna marobota mapya ya mitumba yanafunguliwa Mbinga na lori linaondoka sasa hivi. Nikasema nitarudi jioni. Nikapata gauni la njano lenye mkanda. Jioni lori likakatika springi, dereva akasema kesho, na kesho yake akasema tena kesho. Ningeweza kurudi kwa miguu. Mama zetu walitembea njia ile na mizigo kichwani, mimi nikakaa kwa rafiki yangu nikijaribu gauni kwenye kioo chake.

Niliporudi sikuingia hata ndani. Nilipanda moja kwa moja hadi njia panda. Tawi lilikuwa pale pale, majani yamejikunja, rangi ya tumbaku. Mbele nikasikia msumeno.

Mkangazi ulikuwa chini, wameshaanza kuupasua. Yule mkubwa wa wapasua mbao alinisalimia vizuri, kisha akayaangalia macho yangu na kuvua kofia.

"Tawi lilikuwa limekauka, dada," akasema. "Tulijua mzee ameshamaliza."

Hakudanganya. Hata mimi ningepita.

Jike na makinda wawili walikuwa ndani ya shimo, wamekufa. Niliwafukia kwa mikono. Dume alikuja na tunda mdomoni, akazunguka pale juu palipokuwa na mti, akaondoka, akarudi. Alifanya hivyo kwa siku nyingi.

Baba aliporudi nilimwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Nilitaka anichape. Akaniuliza, "Ulikaa siku ngapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaenda kunawa uso.

Wiki chache baadaye mwalimu na mkewe walikuja na darubini zao. Baba aliwapokea uani, mimi nikiwa mlangoni na birika. Akawaambia mti umeangushwa na upepo. Sikuwahi kumsikia baba akisema uongo kabla ya siku ile. Mke wa mwalimu alilia, baba akamfariji. Njia ile hakuifyeka tena, na mwaka uliofuata ilikuwa imezibwa na miiba.

Hakunigombeza hata siku moja. Aliongea nami, alikula nilichopika, alicheka na wanangu walipozaliwa. Lakini hakunituma tena. Kwetu mzazi humtuma mtoto wake hata akiwa na mvi: lete kiti, lete moto, nenda kwa fulani. Alipougua mwisho wake nilikaa kando ya kitanda chake mchana kutwa, nikingoja aseme, "Niletee maji." Midomo ilikuwa imemkauka. Alijishika ukutani, akainuka taratibu, akanipita, akaenda kuyachota mwenyewe.