Umbo Kifuani

Mama mfua jezi wa timu ya soka ya mji wa Moldeni huinyoosha kila jezi kifuani kwa kiganja kilichochubuka kwa sabuni, kama anayempeleka mtoto shule. Timu ilipofilisika na kuanzishwa upya kwa jina jingine, mashabiki waliapa hawaingii uwanjani tena. Tajiri mpya, Lucrețiu, akaagiza nembo za zamani zifumuliwe. Mama akazifumua kwa wembe, taratibu, akitafuna mbegu za alizeti. Chini ya nembo kitambaa kilikuwa hakijapauka: umbo la nembo likabaki, jekundu bichi.

“Bandika mpya, mama, ifunike!” Lucrețiu akaamuru.

“Ndogo, mwanangu. Haifuniki.”

Angeweza kuzichovya jezi kwenye rangi, hakuzichovya.

Jumamosi wachezaji wakaingia uwanjani na jezi hizo. Nje ya uzio, mzee Pantelimon, shabiki wa zamani aliyekuwa akizomea, akakodolea macho lile umbo jekundu vifuani mwao.

“Fungua geti, bwana,” akamwambia mlinzi. “Hawa ni wetu.”