Mshona Kanzu za Ubatizo

Kanzu ya kubatiziwa haishonwi kama nguo nyingine. Bibi huyu hufungia kokoto ndogo ndani ya pindo, ili kitambaa kisielee mtu anapoingia majini. Kwa miaka sita, tangu afiwe na mumewe akahamia kwa mwanawe, amewashonea waumini wa kanisa analolichunga mwana huyo. Yeye mwenyewe hajavaa hata moja.

Alibatizwa akiwa na miezi miwili, kwa maji ya kunyunyiziwa, katika kanisa linaloamini kwamba agano la Mungu na wazazi huwafunika na watoto wao. Kanisa la mwanawe husema agano ni la aliyeamini mwenyewe, na asiyezamishwa hapewi mkate na divai ya Meza ya Bwana.

Juzi mchungaji aliingia chumba cha cherehani, akakalia robota la kitambaa.

"Mama, safari hii shona na ya kwako."

"Mimi nilishabatizwa."

"Ulikuwa mchanga. Hukujua lolote."

"Na wewe ulipokuwa mchanga hukujua kama mimi ni mama yako. Mbona nilikunyonyesha?"

Mwana alicheka bila kutaka. "Ungekuwa mchungaji wewe, tungekoma."

"Basi nikaribishe mezani."

"Siwezi, mama. Nikikulegezea wewe, wengine nitawaambia nini?"

Bibi alikanyaga cherehani kidogo, akaacha. Kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Mama yake alimpeleka kubatizwa huku akikohoa damu, dada zake wamemshika kwapani. Siku ya tisa akafa. Hakuacha picha, hakuacha hata nguo, maana walizichoma kwa kuogopa ugonjwa.

"Alichonipa ni yale maji tu. Nikizama kwenye birika lenu, nitakuwa nimesema hakunipa kitu."

Mchungaji aliinama. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu, lakini neno lake lilikuwa lilelile.

Jumapili shemasi aliugua, hivyo mchungaji akapitisha mkate mwenyewe, benchi kwa benchi. Akafika alipokaa mama yake. Akasimama. Waumini wakatazama sakafu.

Bibi akavuta magoti pembeni kumpa nafasi.

"Pita, baba," akamwambia kwa sauti ndogo, kama alivyozoea kumwita tangu utotoni.

Akapita.