Duara Pembezoni mwa Faili

Mimi nafanya kazi masjala ya hospitali, hapa Pemba. Daktari akishaandika, faili linakuja kwangu. Nasoma ugonjwa, natafuta namba yake kitabuni, naiingiza kwenye kompyuta. Nimesoma mpaka kidato cha pili, na kozi ya wiki chache juu yake, kwa hiyo haya yasichukuliwe kama maneno ya mtaalamu. Huenda nimekosea mahali.

Ini lina namba nyingi. Ipo ya ini lililoharibiwa na pombe, na ipo ya ini lililoharibika bila sababu kujulikana. Kwenye kozi tulikanywa tusiweke namba ya jambo ambalo daktari hakuliandika, hata kama tunalijua. Na hili la pombe kwetu haliandikwi. Mgonjwa kalala, mama yake kakaa ubavuni, shehe kaja kumsomea dua. Nani atamuuliza kama anakunywa? Basi daktari huchora duara dogo pembezoni mwa karatasi. Wauguzi wanalijua, na mimi nalijua. Kompyuta hailijui. Nikilikuta naweka namba ya sababu isiyojulikana, nafunga faili. Nilikuwa nikijiambia ni stara. Sina hakika kama ilikuwa stara au nilitaka tu kumaliza mafaili ya siku ile.

Kulikuwa na mtu wa Ole, mpanda mikarafuu, aliyelazwa mara tatu. Tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Mara zote tatu duara, na mara zote niliweka namba ileile. Ya tatu alifia wodini.

Mkewe alikuja alipomaliza eda. Kaletwa na shemegi yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango wangu.

"Mwanangu, nataka karatasi ya kilichomuua mume wangu."

Nikamchapishia. Akataka nimsomee. Nikasoma: ugonjwa wa ini, sababu haijulikani.

"Hapo ndipo ninapokwama," akasema.

Binti yake kaposwa na watu wa Konde. Wao wamesikia baba mtu kafa kwa ini, wakasema ni homa ya ini, ile ya kuambukiza. Posa imesimama.

"Si apimwe binti?" nikauliza.

"Kapimwa, hana. Wasema leo hana, kesho je? Wataka kujua cha baba yake. Wamenipa mpaka Ijumaa."

Nikafungua faili mbele yake. Sijui kama nilifanya sawa. Kipimo cha homa ya ini kiliandikwa, lakini jibu halikuwapo, maana vifaa vilikuwa vimekwisha. Yeye akaweka kidole kwenye duara.

"Nilikuwapo alipolichora hili. Mume wangu akamuuliza, daktari, wanichorea nini? Akamwambia, najaribu kalamu." Akacheka kidogo puani. "Mume wangu akasema, basi kila nikija kalamu mbovu."

Sikucheka. Nilimwambia siwezi kubadilisha namba, mpaka daktari aandike neno. Akauliza neno hilo atalisoma nani. Nikamwambia: mimi, wakubwa wangu, na yeyote utakayemwonesha.

"Yeye keshazikwa," akasema. "Mwanawe yu hai. Twende."

Daktari alikuwa kwenye chumba chake cha kliniki. Alipekua faili mpaka mwisho. "Unataka niandike nini?" akaniuliza. "Sikumuuliza hata siku moja. Nilinusa tu." Simlaumu. Nami sikuwahi kumuuliza yeye duara lake lina maana gani hasa. Akamwambia mjane kwamba hawezi kuandika kuwa marehemu hakuwa na homa ya ini, hilo hakulipima. Anaweza kuandika alichoelezwa na mke, kwa tarehe ya leo, lakini lazima mke alitamke.

Shemegi mtu alikuwa keshatufuata, kasimama mlangoni.

"Shemegi, tosha," akasema. "Unamwanika kaka."

Mjane hakugeuka. "Tembo la mnazi," akamwambia daktari. "Tangu huyu binti hajaanza chuo cha Kurani. Mwisho ilikuwa gongo, asubuhi, kabla hajatia kitu tumboni."

"Hata haya huna."

"Ninayo, ami yake. Andika, daktari."

Daktari akaandika. Yule bwana aliondoka bila kuaga. Simlaumu yeye pia. Ndiye aliyesimamia maziko, ndiye aliyewapa watu mkono, na asingejua awaambie nini sasa. Nilirudi mezani, nikafuta namba ya zamani, nikaweka ya pombe, nikachapisha karatasi. Nilidhani nitahisi kitu. Niliona tu kwamba wino wa mashine unakaribia kwisha.

Baada ya miezi kadhaa mjane alikuja kwa ajili ya presha. Nikamuuliza habari za binti.

"Kaolewa. Wakwe hawana neno, wamesema bora hilo."

"Alhamdulillahi."

"Ami yake, yule shemegi yangu, ndiye walii wake wa ndoa, mwanamme mwingine hatuna. Akakataa kumwozesha. Ikabidi twende kwa kadhi." Alinipa kadi yake kupitia dirisha. "Siku ya harusi alikuwa shamba, anapalilia muhogo. Gari la bwana harusi likapita hapo hapo njiani. Hakuinua kichwa."

Nikatafuta faili lake, nikampa, akaenda kukaa foleni.

Siku ile mezani palikuwa na faili la mtu mwingine, ini, na duara lake pembezoni. Nilikaa nalo kidogo. Ningeweza kulirudisha kwa daktari. Pengine ningepaswa. Nilifikiria mama wa mgonjwa yule, na kama mgonjwa mwenyewe anao mabinti, na ndugu zake wa kiume. Kisha nikaweka namba ya sababu isiyojulikana, nikafunga.