Daraja Lililojengwa na Mkalimani

Ijumaa nilikuwa nimejifunika mablanketi mawili hapa Makandana, mjini Tukuyu, mvua inapiga bati, nilipopata habari kwamba fundi cherehani wetu amefariki na anazikwa alasiri hiyo hiyo. Wasomaji wangu mnanijua: mimi ni mtu wa ndani, hata sokoni natuma watu. Siku hiyo nilitoka. Marehemu alikuwa amenipa kazi, na sikuifanya.

Babu yake alikuja kutoka pwani kuuza nguo, lakini yeye alizaliwa hapa Tukuyu, na Kinyakyusa chake kilikuwa kitamu kuliko chetu sisi wenye lugha. Ndiyo maana katika jimbo letu la zamani, kabla halijabadilishwa jina, wagombea waliotafuta kura za vijijini walimchukua awe mkalimani. Mgombea anasema sentensi moja, fundi anatoa tatu, wazee wanacheka, akina mama wanapiga vigelegele. Nilizoea kumtania, "Fundi, mheshimiwa kasema yote hayo?" Naye akinijibu, "Bwana wee, nguo ikibana si unaachia kidogo?"

Mwaka jana alinifuata nyumbani, akakaa mpaka chai ikapoa. Akanisimulia mkutano mmoja wa kampeni kule Ikuti. Wanakijiji walikuwa wameshakusanya magogo wajenge daraja lao wenyewe. Mgombea alisema tu kwamba suala la mto atalitazama. Fundi akaona nyuso zimenuna, akatafsiri: "Daraja la zege atalijenga yeye, ninyi pumzikeni." Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Magogo yakapasuliwa kuni. Mgombea akashinda, zege halikuja, akazomewa kila alipokwenda hadi akaangushwa uchaguzi uliofuata. Alikufa akiitwa mwongo, wala hakujua kosa lake. Kisha jimbo likapangwa upya, na waliokuja baadaye wakasema ahadi za jimbo lile hawazijui.

"Mto ule nausikia hata kiangazi," fundi aliniambia. "Wewe una safu gazetini. Andika kwamba maneno yale yalikuwa yangu." Nikamwambia nitaandika. Halafu nikaandika kuhusu bei ya parachichi, kuhusu baridi, kuhusu kuku wa jirani.

Baada ya maziko tulikaa kula. Karibu yangu alikuwepo mama mmoja kutoka Ikuti, anayetembea kwa fimbo tangu maji yalipomwangusha kwenye kivuko cha mto ule, mkungu wa ndizi kichwani. Aliwaambia wenzake, "Huyu tata, baba yetu fundi, hakutudanganya. Alisema alichotumwa." Mdomo wangu ulijaa wali. Nikaumeza, pamoja na nilichopaswa kusema. Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu nahisi fundi amesimama nyuma yangu, ananisubiri nimalize sentensi aitafsiri.

Jana nilipanda pikipiki hadi Ikuti. Nilimkuta yule mama anamenya ndizi jikoni. Nikamweleza yote. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo yule mbunge tulimzomea bure?"

"Bure, mama."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mwaka mzima! Umekaa tu huko Makandana?"

"Nimekaa tu."

Aliutazama mguu wake. "Fundi angekuja mwenyewe," akasema, "ningemtukana mpaka nichoke, halafu ningempa chakula. Sasa nimtukane nani?"

Nilikuwa mimi tu pale. Akanitukana kwa Kinyakyusa safi, neno baada ya neno, wala hapakuwa na mtu wa kunipunguzia makali. Chakula hakunipa. Nilirudi nyumbani na njaa, nikijua kwamba matusi yale hayakumfikia fundi mwenyewe, wala msamaha ambao ungefuata.

Ndugu msomaji, kama kuna neno ulilowahi kuliongeza mdomoni mwa mwenzio, usinipe mimi niliandike. Mimi ni mvivu, na gazeti linafungiwa vitumbua. Nenda mwenyewe, wakati aliyelisikia bado anaweza kukutukana uso kwa uso.