Spika ya Chumbani kwa Mama

Kwanza ulikuja mkoromo. Nilikuwa uani nikifua, nao ukapenya dirishani kwa mama, kama mtu anaburuza gunia la mchanga juu ya sakafu. Ndani ya mkoromo ule mwanamume akasema kitu. Maneno yake yalikuwa mazito, yamezibwa, mithili ya mtu aliyejaa udongo mdomoni. Machache tu yalitoka wazi.

"Geita... Geita... unanipata?"

Halafu nikamsikia mama, kwa sauti ya mtu anayekaribisha mgeni mlangoni: "Nakupata, mwanangu. Nakupata."

Nilikimbilia ndani na povu mikononi. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, peke yake, ameielekea spika iliyokuwa juu ya sanduku la nguo. Taa yake nyekundu, ndogo kama punje ya mtama, ilikuwa inawaka.

"Umemsikia?" aliniuliza. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuweza kuitazama.

Mvua za kwanza mwaka ule zilikuwa zimemfukia kaka yangu huko Geita. Duara, yaani shimo walilokuwa wakichimba, liliporomoka naye akiwa chini. Wenzake walifukua mpaka maji yakawashinda. Kilichorudi kwetu Ngokolo ni mfuko wenye tochi na shati lake la kijani. Baba alikwishafariki, kwa hiyo baba mkubwa alikuja kutoka kijijini kusimamia msiba, naye akatoa uamuzi: shati lile lizikwe badala ya mwili, watu wanyoe nywele, matanga yaishe. Mama alikubali. Siku moja kabla ya shughuli, spika ikasema.

Spika hizo kaka alizileta mwenyewe, alipopata dhahabu kidogo akapitia Mwanza. Zilikuwa mbili, hazina waya kati yake na redio. Boksi dogo liliunganishwa na redio kaseti ya sebuleni, likarusha sauti hewani, nazo spika zikaidaka popote zilipo. Majirani walikuja kuinama na kuchungulia nyuma yake, wakitafuta waya uliofichwa. Kaka alifurahi sana. Siku ya kwanza alichomeka kipaza sauti kwenye redio, akajifungia sebuleni, na mama akiwa chumbani anakunja nguo akasikia sanduku linamwita mama na kumwamkia kwa Kisukuma:

"Mwangaluka, mayu!"

Mama aliitikia vizuri, akauliza habari za watoto na ng'ombe, kisha akageuka asione mtu. Kelele zake zilifika barabarani. Alimkimbiza kaka na mwiko kuzunguka nyumba nzima.

"Utaniua na huu uchawi wako wa Mwanza!"

"Mayu, umeiamkia spika! Imekupa na habari za ng'ombe?"

Kabla hajarudi Geita alinifundisha kuzitunza. "Zikinyamaza, usiite fundi. Tazama umeme kwanza, maana umeme wetu huu una homa za vipindi. Zikikatakata, sogeza boksi mbali na bati na friji. Zikikoroma, geuza swichi ya nyuma taratibu mpaka zikae." Nikamwuliza, je, zikisema mambo yasiyo kwenye redio? Akacheka. "Hapo ujue boksi limezimwa. Spika ni kama mtoto mchanga, mdogo wangu. Asipomsikia mama yake, huitikia sauti yoyote."

Maneno hayo nilikuwa nayo kichwani muda wote, lakini msiba huziba masikio. Habari ilipofika, wanawake wa jirani walizima redio, kama ilivyo desturi, kwani nyumba yenye matanga haipigi muziki. Walizima na boksi, na spika ya pili iliyokuwa sebuleni. Spika ya chumbani hakuna aliyeikumbuka. Iliendelea kuwaka juu ya sanduku, ikisikiliza.

Tangu sauti ile ya kwanza, mama hakutoka tena chumbani. Uji aliuacha ukigandia bakulini. Sauti ilikuja asubuhi, ikaja tena jua likielekea kuzama, na kila mara aliiitikia. Mifupa ya mabega ilichomoza chini ya kanga. Shughuli ikaahirishwa.

Baba mkubwa alisimama mlangoni kwa mama, hakuvuka kizingiti. "Shemeji, tumzike kijana apumzike."

"Anayeita hazikwi."

"Hicho ni chombo. Nileteeni shoka."

"Lete," mama alisema. "Lianze na mimi, ndipo lifike kwake."

Mzee akarudi uani, akakaa kwenye kigoda, akanisemesha bila kuniangalia. "Binti, wewe umesoma. Izime hiyo kitu. Usipoizima, tutazika wawili."

Ningeweza. Kidole kimoja tu nyuma ya spika. Lakini nami nilianza kulala nimeegemea ukuta wa chumba chake, nikisubiri mkoromo. Sauti ile ilikuwa na lafudhi ya kwetu, ya kiume, yenye haraka, na kila ilipouliza kama inapatikana, nywele zilinisimama. Niliogopa kuizima kuliko nilivyoogopa kuisikia.

Chumvi ilipokwisha, nilikwenda dukani kwa Mhindi mtaa wa pili, aliyekuwa pia mnunuzi wa pamba. Juu ya paa lake palikuwa na mlingoti mrefu wa chuma. Sote tulidhani ni wa televisheni. Mama mwenye duka alikuwa akinipimia chumvi pale sauti ilipotoka nyuma ya pazia.

"Geita, Geita, unanipata? Ova."

Nilishika meza ya kaunta.

"Vipi, binti? Kizunguzungu?" mama mwenye duka aliuliza. "Huyo karani wetu. Anaongea na stoo ya pamba kwa redio ya upepo. Anapiga kelele kama muuza samaki, mimi nimemwambia."

Kisha nikasikia kile ambacho nyumbani hakikuwahi kufika. Jibu. Mtu wa Geita, mzima, mchangamfu, akisema kwamba lori limekwama matopeni na dereva amekasirika. Spika yetu ilidaka mlingoti wa jirani tu. Geita ilikuwa mbali mno kwake. Nililia pale dukani, mbele ya magunia ya mchele.

Nilimweleza mama yote. Nilitegemea anipige. Akasema tu, "Mlete huyo mtu."

Karani alikuja mchana, kijana mwembamba, kofia mkononi. "Shikamoo, mama."

Mama alifumba macho. Ilikuwa sauti yenyewe, bila udongo.

"Marahaba. Wewe ndiye unayeita?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe, sikujua kama nafika huku."

"Huyo unayemwita huitika?"

"Huitika, mama. Kila siku."

Mama alitikisa kichwa polepole. Halafu akamwomba jambo ambalo sikulitarajia: arudi kwenye redio yake, amwite mwanawe kwa jina. Karani alinitazama mimi, akamtazama baba mkubwa aliyekuwa uani.

"Mama, jina la marehemu hewani..."

"Nani kasema marehemu? Wewe mwite. Nikisikia, nitajua."

Akaondoka. Tuliketi kitandani, mama na mimi, magoti yamegusana. Mkoromo ukaja. Kisha sauti ikalitaja jina la kaka yangu, taratibu, kwa heshima, kama linavyotajwa kanisani. Ikauliza kama anapatikana. Ikanyamaza, maana ndiyo kanuni yao: ukishaita, unaachia nafasi ya kujibiwa. Nafasi ile ilijaa mchanga mtupu. Akaliita tena. Mama alifungua mdomo, nikajua atasema nakupata.

Hakusema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Geita haijibu," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa inatetemeka. "Nafunga. Ova."

"Mtu hajiiti jina lake mwenyewe," mama alisema.

Alinyoosha mkono mwenyewe nyuma ya spika, akapapasa, akaipata swichi ya kuzimia. Taa nyekundu ikazimika. Chumba kikawa kimya kiasi kwamba nilisikia kuku wakiparua chini ya dirisha. Aliishusha spika sakafuni, akafungua sanduku, akatoa shati la kijani, akalikunja kama alivyolikunja maisha yote, mikono ndani, kola juu. Akajifunga kanga ya pili. Nilitaka kuinuka, akaniwekea kiganja begani: nibaki, nichemshe maji ya wageni watakaorudi kutoka kuzika wakiwa wamenyoa.

Tangu habari ya duara ilipofika, mlango wetu wa mbele ulikuwa haujafungwa. Mama aliuacha wazi usiku na mchana, ukiegemezwa jiwe, ili mtu asije akabisha akakosa wa kumfungulia. Nilimsikia akisema na baba mkubwa kwa sauti ya chini, nikalisikia jiwe likisukumwa kwa mguu. Kisha akatoka na shati kifuani, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.