Rimu za Kung'aa na Ng'ombe wa Iyolwa

Mtu akiniuliza pikapu ifungwe rimu za chuma au za alumini, humtazama viatu kwanza, nione kama yuko tayari kutembea.

Pikapu yangu ilikuwa ya kubeba mihogo kutoka Tororo hadi mpakani Busia. Rimu zake zilikuwa za chuma, zina kutu, zimepindapinda, na hazikuwahi kunilaza njiani. Lakini mwaka ule nilikuwa naoa. Ng'ombe wa mwisho wa mahari alitakiwa Iyolwa, kwa wakwe, Jumamosi, kabla chakula hakijapakuliwa. Baba mkwe alisema wazi: chakula kikiliwa bila ng'ombe, wageni watashukuru na kurudi kwao, na binti atabaki.

Mimi niende ukweni na rimu za kutu? Mimi? Nikavuka hadi kwa fundi wangu upande wa Kenya, nikamwonyesha rimu za alumini zinazong'aa hata ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu.

"Boss, hizi ni za lami," akasema. "Chuma kikipinda nakigonga kinarudi. Hizi zikiingia shimo zinapasuka, halafu unawapelekea watu wa sufuria wayeyushe."

"Wewe funga. Kazi yako spana, si unabii."

Akafunga. Hata spea ya chuma niliiacha kwake, eti itaniharibia sura. Ama kweli, sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi wazee wangu walitangulia na gari lingine. Mimi nilikataa mtu yeyote asishike usukani wangu, nikaendesha mwenyewe, ng'ombe nyuma. Watu njiani walitazama magurudumu, nami badala ya kutazama barabara nikawa nawatazama wao wakitazama. Paa! Shimo. Rimu ya mbele ikapasuka kama sahani. Na nyumbani kwa wakwe palikuwa karibu hivi kwamba nilisikia harufu ya nyama yao!

Niliitukana rimu, nikaitukana barabara, nikajitukana mwenyewe kwa lugha tatu. Nilitaka kulia, sifichi. Ndipo nikamwona mama mkwe anakuja na ndoo ya maji kichwani.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Nikajitupa chini ya pikapu na suti yangu mpya. Yeye akanipa mgongo, akasimama karibu na ng'ombe.

"Ng'ombe," akasema, "habari za safari?"

Ng'ombe akatafuna.

"Naona viatu vinatokeza chini ya gari. Mwambie mwenye viatu nyama iko karibu kuiva."

"Ng'ombe," nikajibu kutoka chini, "mwambie huyo mama nimekwisha. Rimu imepasuka, spea sina."

"Ng'ombe, kwani wewe una miguu mingapi?"

Ng'ombe akafukuza nzi kwa mkia.

"Minne," nikamjibia.

"Yote mizima?"

"Mizima."

"Basi tunangoja nini?"

Akatua ndoo, akamteremsha ng'ombe, akashika kamba na kuondoka. Nikamfuata hatua hamsini nyuma, ndoo yake ya maji kichwani mwangu, kwa sababu ndoo haijakatazwa na mila yoyote ninayoijua.

Tulipoingia uani kicheko kikawaangusha wazee vitini. "Sijawahi kuona mahari ikiletwa na mama wa bibi harusi," akasema baba mkwe akijifuta machozi. Nyama ilikuwa bado jikoni. Nikaoa.

Pikapu ilirudia chuma chake, na fundi akacheka hadi spana ikamponyoka. Rimu iliyopasuka niliipeleka kweli kwa watu wa sufuria pale Tororo. Ikatoka sufuria nene, nzuri, mke wangu akampelekea mama yake.

Mpaka leo mama mkwe hajanitazama usoni. Lakini tukienda Iyolwa, anapika katika sufuria ile. Mimi nakaa nje na wanaume, nangoja, hadi nisikie sauti yake kutoka jikoni:

"Ng'ombe! Mwambie chakula tayari."