Kidole cha Mgeni Rasmi

"Twiga yuko wapi?" aliuliza mgeni rasmi kwenye maonesho ya uchoraji ya wanafunzi hapa Karatu. Mbele yake ulikuwepo mchoro wa binti kutoka Enguserosambu: kijivu kitupu, na pembeni kabisa kipande kidogo chekundu.

"Mwalimu, mtalii gani atanunua hii? Teremsha!"

Mwalimu akainamisha kichwa. Binti akakunja sketi yake viganjani.

"Samahani, baba," nikamwambia mgeni kutoka miongoni mwa watazamaji, "kidole chako kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye kile chekundu, tangu alipofika. Ndilo somo lenyewe la mchoro ule: rangi kali, hata kidogo, ikizungukwa na rangi iliyopoa kama kijivu, huvuta jicho.

Akakificha mfukoni. Mchoro ukateremshwa vilevile.

Baba, kama unasoma haya, naomba uurudishe ukutani.